Dhahabu ya Mjerumani Rufiji: Ipo au haipo?

Kila kiangazi, maji ya Rufiji yakishuka na barabara za Kibiti zikianza kupitika, maneno yale yale hurudi vijiweni. Kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha dhahabu katika delta. Kwamba iko ndani ya ile meli iliyozama, au imefukiwa chini ya mbuyu fulani, na alama yake imechorwa kwenye jiwe. Halafu linakuja gari la kunyanyuka, Land Cruiser lenye vumbi la safari ndefu, na ndani yake wageni wenye mashine ya kupimia madini ardhini. Wanamtafuta mzee anayejua mahali.

Makala hii inaeleza meli hiyo ilikuwa nini, dhahabu ya Wajerumani ilitoka wapi na ikaishia wapi, na mwenye shamba afanye nini gari la namna hiyo likisimama uani kwake. Tunaanza na jibu, kwa sababu wengi husoma kwa simu na bando halisubiri: hakuna kumbukumbu yoyote inayoonyesha kwamba meli ile ilibeba dhahabu, na tarehe zenyewe zinaipinga hadithi. Dhahabu ya Wajerumani ilikuwepo kweli, lakini ilichimbwa mbali sana na hapa.

Meli iliyojificha kwenye mikoko

Meli inayozungumzwa ni manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Ilifika Dar es Salaam mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nahodha wake akiwa Max Looff. Vita vilipoanza mwezi Agosti, ilikuwa tayari baharini, ikaanza kuwinda meli za biashara za Waingereza. Iliyoikamata ilikuwa moja, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman. Wanaoamini kwamba Königsberg ilijaa mali za kuteka wajue shehena ya meli hiyo ilikuwa nini: chai kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Wajerumani walichokitaka zaidi humo ni makaa ya mawe ya kuendeshea meli yao. Walipoyachukua, wakaizamisha.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilivamia bandari ya Zanzibar alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Baada ya hapo injini zake zilisumbua, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, ambako mikoko ni mirefu na mikondo ya maji ni mingi kiasi kwamba mgeni hajui aingilie mlango upi. Sehemu za boila zilizoharibika zilifunguliwa na kupelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, safari ya nchi kavu ya zaidi ya kilomita 100. Hapakuwa na malori. Watu waliviburuta vyuma hivyo kwa kamba, kwenye udongo ule ule unaoyanasa magari leo, wakavirudisha tena vilipokwisha kutengenezwa. Majina ya nahodha na maofisa yameandikwa vitabuni. Ya waliovuta kamba ni nadra kuyakuta.

Waingereza waliigundua meli mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaziba milango ya bahari. Mwezi Novemba walizamisha kwa makusudi meli yao wenyewe, Newbridge, katika mkondo wa Suninga ili Mjerumani asitoke. Januari 1915 waliiteka Mafia na kuifanya kituo cha ndege. Mwezi Julai zikaja meli mbili, Severn na Mersey, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuingia mitoni kwa kuwa hazihitaji kina kirefu cha maji. Ziliingia tarehe 6, zikashindwa. Zikarudi tarehe 11, ndege zikiwa angani kuwaelekeza wapiga mizinga, na siku hiyo Looff aliamuru meli yake ilipuliwe isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Kilichofuata ndicho wasimulizi wa dhahabu wanachokiruka. Wajerumani hawakuiacha meli hivyo hivyo. Waliipanda, wakaing'oa mizinga yake yote 10, wakaiburuta tena hadi Dar es Salaam, ikatengenezwa katika karakana na kutumika kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, ambayo leo tunaijua kwa jina la MV Liemba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Jeshi lililopata muda wa kuondoa mizinga yenye uzito wa tani lingesahau vipi masanduku ya dhahabu?

Nao hawakuwa wa mwisho kuipekua. Mwaka 1924 mabaki yaliuzwa kwa Mwingereza aliyepeleka wapiga mbizi kutoa shaba na metali nyingine. Kazi ya kukata vyuma iliendelea kwa vipindi miaka mingi baadaye, hadi mwaka 1966 kiwiliwili cha meli kilipoanguka na kumezwa na tope. Kwa hiyo chombo hicho kilipekuliwa kwa zaidi ya miaka 40, na watu waliokuwa na vifaa.

Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwa Iramba, katika mkoa tunaouita sasa Singida. Mgodi wa Sekenke ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909 hivi, ukiwa mgodi wao mkuu wa dhahabu katika koloni. Madereva wa malori ya kwenda Nzega na Mwanza wanalijua jina Sekenke kwa sababu nyingine: ule mlima wenye kona kali uliokuwa ukila magari kabla barabara haijatiwa lami.

Vita vilipokaza, koloni liliishiwa fedha kwa sababu bahari ilikuwa imezibwa na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wajerumani wakaamua kutengeneza sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Kwa shaba ya njano, nyingine ikiwa ya maganda ya makombora, walipiga sarafu za heller. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na dhahabu ndani yake ni robo tatu. Sehemu iliyobaki ni metali nyingine. Wakusanyaji wa sarafu duniani huinunua kwa maelfu ya dola, kwa hiyo si hadithi tupu.

Lakini tazama mwaka uliopigwa kwenye sarafu hiyo: 1916. Königsberg ililipuliwa Julai 1915. Sarafu za Tabora zingeingiaje kwenye meli iliyokwisha kuzama mwaka mmoja kabla hazijatengenezwa? Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na sarafu zilizokuwa zimetolewa zilikwisha kusambaa mikononi mwa watu na askari. Inawezekana kabisa mzee mmoja mahali fulani nchini akawa na sarafu moja ya dhahabu iliyofungwa kwenye kitambaa. Masanduku ya sarafu hizo ndani ya tope la delta ni jambo jingine.

Rupia za fedha, zile nyeupe zenye picha ya mfalme wa Kijerumani, ni nyingi zaidi na bado hupatikana watu wakilima. Thamani yake ni fedha iliyomo na hamu ya wakusanyaji. Hazina zebaki ndani. Hazina nguvu ya kuvuta mali, wala hakuna "kampuni ya Ulaya" inayozinunua kwa mabilioni. Anayesema rupia yako ni ya mamilioni lakini kwanza utoe hela ya "kuipima" anataka hela ya kuipima.

Hadithi ya zebaki nyekundu ni ya ukoo huo huo. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walivamiana kununua vyerehani vikuukuu vya Singer kwa bei za ajabu, kisa uvumi kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu, na kwamba ukikisogezea simu mtandao ukapotea basi unayo. Zilikuwa nchi tajiri, watu wamesoma, na bado wakaliwa.

Kwa nini tope letu halina dhahabu

Swali jingine tunaloulizwa ni hili: kama si ya Mjerumani, je, haiwezi kuwepo ya asili? Mbona mchanga wa mtoni unang'aa?

Dhahabu ya Tanzania, kwa sehemu kubwa, iko katika miamba mizee sana ya Kanda ya Ziwa na Singida, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Huko ndiko Geita, Sekenke na Mara. Eneo jingine kubwa ni Lupa, Chunya, ambako watu walikimbilia kuanzia mwaka 1922. Delta ya Rufiji ni kinyume chake. Ni udongo mchanga kwa umri, matope na mchanga ulioletwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu na kutuama hapa baharini. Hakuna mwamba wa dhahabu chini ya jembe lako. Wengine husema mto unaweza kuisomba kutoka Chunya. Mto Lupa hauji huku. Maji yake huenda Ziwa Rukwa. Na dhahabu ni nzito mno, mara 19 ya maji, hivyo huzama mapema karibu na ilikotoka, haisafiri mamia ya kilomita hadi pwani. Tangu Desemba 2022 kuna pia bwawa la Julius Nyerere huko juu, ambalo huzuia mchanga mwingi kabla haujashuka.

Kinachong'aa mara nyingi ni ulanga, yale madini ya vipande vyembamba kama magamba ya samaki. Kuupima ni rahisi. Ulanga huelea na kuyumba ndani ya maji, na ukiuminya kwa ukucha unachanika. Dhahabu huzama mara moja kama risasi ya nyavu, na ukiigonga kwa nyundo haipasuki, inabapa. Kipimo kingine ni uzito. Chupa ya soda ya mililita 350 ikijazwa dhahabu tupu ingekuwa na uzito wa karibu kilo 6 na robo tatu. Ikijazwa mchanga haifiki hata kilo 1. Anayekuonyesha "kilo mbili za dhahabu" zilizojaa mfuko wa rambo amekuonyesha kitu kingine.

Gari likisimama uani

Wapo watafiti wa kweli wa madini, na magari yao ni yale yale, kwa sababu gari dogo halifiki huko. Huwezi kumjua mtu kwa gari. Mjue kwa karatasi na kwa njia anayopita.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya umma, si ya mwenye shamba wala ya mgeni. Kuyatafuta kunahitaji leseni ya utafutaji, na kuyachimba kunahitaji leseni ya uchimbaji. Ile ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, na ni ya Watanzania. Raia wa nje anayekuonyesha leseni ya uchimbaji mdogo yenye jina lake ana maelezo ya kutoa. Leseni hutolewa na Tume ya Madini, ina namba, na ina mipaka inayoonyesha eneo gani hasa. Leseni ya Chunya haimruhusu mtu kuchimba Mbwera. Na hata mwenye leseni halali hana ruhusa ya kuingia tu kwenye shamba lililolimwa au kuchimba jirani na nyumba. Sheria inamtaka apate idhini ya maandishi ya mwenye eneo.

Kutafuta vitu vya kale ni sheria nyingine, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo pia inataka leseni kabla ya kuchimbua. Mgeni akisema "hatuchimbi madini, tunatafuta mali ya kale tu", bado anahitaji kibali. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, na eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa mwaka 2004 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kukata njia ya gari ndani yake bila ruhusa ni kosa kwa dereva na kwa mwanakijiji aliyemwonyesha njia.

Wageni wa kweli huanzia ofisi ya kijiji, kwa mtendaji na mwenyekiti, mchana kweupe. Hawamwendei mzee peke yake usiku. Wala hawaombi mchango. Utapeli wa dhahabu ya Mjerumani una mwendo unaojirudia: kwanza mashine inapiga kelele shambani (italia tu, kila shamba lina msumari au kizibo cha soda), kisha mnaambiwa mali ipo ila ina ulinzi, kisha panahitajika mbuzi, ubani na mtaalamu wa kutoka mbali, kisha mafuta ya gari, kisha hela ya kibali. Kila hatua ni ndogo kuliko ile ambayo mtu amekwisha kuitoa, ndiyo maana haachi. Mashamba ya korosho yamewekwa rehani kwa namna hii, na si ya wajinga. Ni ya watu waliokuwa na ada ya shule ya kulipa.

Ukitakiwa kusaini karatasi, ipeleke ofisini isomwe. Kama haiwezi kusubiri hadi kesho asubuhi, hilo peke yake linatosha kuikataa.

Chuma kinachoweza kuua

Vita vilivyopita Rufiji mwaka 1914 hadi 1917 viliacha kitu kimoja cha hakika chini ya ardhi, nacho ni makombora. Si kila lililorushwa lililipuka. Kombora la miaka zaidi ya 100 halijafa kwa kuwa lina kutu. Baruti inaweza kubaki hai, na kifaa cha kuilipua kinaweza kuwa kimeharibika kiasi cha kushtuka kwa kugongwa kidogo. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupenda shaba ya mkanda wake, na vijana hujaribu kuitoa kwa patasi. Usifanye hivyo hata kama mwenzako aliwahi kufanya akapona. Ukikuta kitu cha chuma chenye umbo la chupa kubwa iliyochongoka, kiache pale pale, weka alama kwa mti mbali nacho, zuia watoto, toa taarifa kwa mtendaji au polisi. Usikipakie kwenye bodaboda kukipeleka kituoni.

Kwa wanaokwenda kwenye migodi ya zamani

Vijana wa Kibiti hupanda magari kwenda Chunya, Geita na Singida kila mwaka, na baadhi huishia kwenye mashimo yaliyoachwa, kwa sababu mwenye leseni hayupo na hakuna wa kuwafukuza. Wengine sasa huenda kutembea tu, kuona mitambo ya kale na kupiga picha. Geita ya Waingereza ilifungwa mwaka 1966 kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kufunguliwa mwaka 2000, na ardhi ya maeneo hayo ina mashimo ya umri tofauti, mengine yamefunikwa na majani tu. Gari lisiingie kwenye nyasi ndefu karibu na mgodi wa zamani kabla mtu hajatangulia kwa miguu, na fimbo mkononi.

Hatari kubwa ndani ya duara la zamani haionekani. Hewa yenye kaboni dayoksaidi ni nzito, hutuama chini kama maji ndani ya ndoo, na haina harufu. Anayeshuka huhisi kuchoka, miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Ndivyo mtu mmoja anavyokuwa watu watatu. Koroboi ikizimika ni dalili mbaya, lakini ikiwaka haimaanishi kuna usalama, kwa kuwa gesi nyingine za sumu haziuzimi moto. Pampu au jenereta ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya shimo. Moshi wake huua kwa dakika chache. Aliyeanguka shimoni avutwe kwa kamba kutoka juu kama alikuwa ameifunga kiunoni. Kama hakuifunga, pigeni simu 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, ipulizwe hewa safi ndani, asishuke mtu.

Magogo yaliyoegemeza kuta za mgodi wa miaka ya 1930 yalioza zamani. Na mabaki ya marudio yaliyo nje yanaweza kuwa na zebaki, kwa hiyo msipikie wala kuchota maji hapo.

Kufika delta

Anayetaka kuona mahali Königsberg ilipofia, kwa ajili ya kujua tu, asidanganywe kwamba gari litamfikisha. Kutoka lami ya Dar es Salaam kwenda Lindi unakata Bungu kuelekea Nyamisati, na kuanzia hapo safari ni ya mashua au boti. Masika, Machi hadi Mei, udongo mfinyanzi wa huku hushika gurudumu hadi ekseli, na winchi haina mti wa kushikilia zaidi ya mkoko, ambao haupaswi kuguswa. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, na uwe na pampu ya kuyajaza tena ukirudi barabarani.

Boti nayo ina saa zake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kasi, na mkondo uliopita asubuhi unaweza kuwa tope tupu mchana. Mkubaliane na nahodha wa huko muda wa kurudi kabla ya kupanda, mpite ofisi ya kijiji, mchukue maji ya kunywa ya siku mbili hata kama mnakwenda kwa saa nne. Mkifika hamtaona meli. Mtaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko pande zote mbili, na mvuvi atakayewaonyesha kwa kasia mahali ambapo nyavu hunasa.